Uzito wa Makofi

Alasiri ya tarehe 9 Mei 1965, Vladimir Horowitz alipanda jukwaani katika ukumbi wa Carnegie Hall, New York, baada ya kukaa miaka 12 bila kupiga piano mbele ya umma. Tiketi zilipoanza kuuzwa, watu walikuwa wamekesha barabarani kwenye foleni, na mkewe, Wanda, akawapelekea kahawa. Siku yenyewe ukumbi ulimpokea kwa vifijo kabla hajagusa hata kitufe kimoja. Kisha akaketi, akaanza kipande cha mtunzi Bach kilichopangwa upya na Busoni kwa ajili ya piano, na kabla hajafika mbali vidole vikateleza. Nota ambazo Bach hakuziandika zikasikika wazi, mbele ya watu waliolala nje kwa ajili yake.

Rekodi ya siku hiyo ilipotoka kwa mara ya kwanza, baadhi ya makosa yalikuwa yamekwisha kufutwa na kuzibwa. Mwaka 2003 ikatolewa tena, safari hii bila viraka, na habari ya kwamba haikuhaririwa ikawekwa kwenye jina lenyewe la toleo hilo. Bidhaa iliyokuwa imesafishwa kwa uangalifu ilirudishiwa madoa yake kwa sababu walikuwapo watu walioyataka. Mimi ni mmoja wao. Nimeusikiliza ule mtelezo wa mwanzo mara nyingi kuliko ninavyopenda kukiri, na kila mara moyo hunishtuka, kana kwamba leo huenda akaukwepa.

Mpenzi wa mpiga piano wa muziki wa klasiki anapenda kitu gani hasa? Mwimbaji ana sauti yake ambayo hakuna mwingine aliyezaliwa nayo, na mtunzi ana tungo zake. Mpiga piano hupiga nota zilizoandikwa na mtu mwingine, mara nyingi mtu aliyekufa zamani, kwenye chombo alichokikuta jukwaani na ambacho mwenzake alikipiga jana. Ukiyaondoa hayo yote, kinachobaki ambacho ni chake peke yake ni kidogo mno, nacho ndicho kinachowakesha watu barabarani. Tena kuna swali la pili, ambalo wasifiaji hawapendi kuulizwa: mapenzi hayo yanamfanyia nini yule anayependwa? Imezoeleka kusemwa kwamba mapenzi ya mashabiki ni zawadi tupu. Mimi naona ni mzigo pia, na uzito wa mzigo huo hutegemea zaidi masikio ya anayependa kuliko vidole vya anayependwa.

Ili kukiona hicho kidogo kinachobaki, sharti tuiangalie piano yenyewe inavyofanya kazi. Mpigaji anapobonyeza kitufe, hagusi uzi. Anarusha nyundo ndogo iliyofunikwa kwa felti, na katika kipande cha mwisho cha safari yake nyundo hiyo huruka peke yake, ikiwa imekwisha kuachana na kidole. Ikishagonga, sauti huanza kufa papo hapo. Mpiga fidla anaweza kuishika nota moja akaikuza kwa upinde wake, na mwimbaji kwa pumzi yake, lakini mpiga piano, awe bingwa wa namna gani, hana la kuifanya nota iliyokwisha kugongwa zaidi ya kuiacha ife polepole au kuinyamazisha. Mamlaka yake yote yako katika kuamua nyundo iruke kwa kasi gani, wakati gani, na pedali iziache nyuzi zivume hadi lini. Kwa hiyo tunapomsifu fulani kwamba anaifanya piano iimbe, tunasifu kiini macho: amezipanga sauti zinazokufa, kila moja ikiingia pale hasa iliyotangulia ilipofifia kiasi kinachofaa, hata sikio likadanganyika na kusikia wimbo mmoja usiokatika. Vitufe ni 88, nyuzi ni 230 hivi, na fundi aliyeitengeneza ile piano asubuhi anajua kwamba hakuna hata uzi mmoja kati ya hizo unaoweza kufanya kile ambacho wasikilizaji wataapa jioni kwamba wamekisikia.

Tunachokipenda, basi, ni maamuzi. Hakuna anayelionyesha jambo hili vizuri kama mpiga piano Glenn Gould wa Kanada, ambaye alirekodi Goldberg Variations za Bach, yaani wimbo mmoja na mageuzi yake mengi, mwaka 1955 akiwa kijana wa miaka 22, kisha akazirekodi upya mwaka 1981, mwaka mmoja kabla ya kifo chake. Ule wimbo wa kufungulia, ambao mara ya kwanza aliumaliza kabla ya dakika mbili, mara ya pili ulipita dakika tatu. Ni mtu yule yule, nota zile zile, na mtunzi hakuwa amefufuka kubadili chochote. Katika rekodi ya kwanza wimbo unapita kama mtu mwenye safari. Katika ya pili kila nota inaachwa isimame peke yake kidogo, kana kwamba mpigaji anataka kuhakikisha amekwisha kuitazama kabla hajaiaga. Kwa zaidi ya miaka arobaini wapenzi wake wamekuwa wakibishana ipi ni bora, na ukiwasikiliza utaona hawabishani kuhusu Gould. Wanabishana kuhusu nafasi iliyoko kati ya nota ya tatu na ya nne.

Lakini si mapenzi yote yaliyofikia hapo, na historia ya mashabiki wa piano haikuanzia hapo. Ilianzia kwa mpiga piano na mtunzi Franz Liszt, ambaye katika msimu wa baridi wa 1841 na 1842 mjini Berlin aliwapagawisha watu hata wakagombea glavu na leso zake, na nyuzi zilizokatika kwenye piano zikageuzwa bangili. Mshairi Heinrich Heine aliibuni mwaka 1844 istilahi ya Lisztomania, akiutazama wazimu huo kama tabibu anavyoutazama ugonjwa. Habari hizi husimuliwa sana kwa sababu zinachekesha. Kisichosimuliwa sana ni kwamba mwaka 1847, akiwa na miaka 35 na akiwa juu kuliko mpigaji mwingine yeyote wa enzi yake, Liszt aliacha ziara za kupiga kwa malipo. Aliishi hadi 1886 bila kuzirudia.

Kisa kinachonishughulisha zaidi ni cha mpiga piano Van Cliburn. Mwezi Aprili 1958, kijana huyu mrefu kutoka Texas, mwenye umri wa miaka 23, alikwenda Moscow kushiriki Mashindano ya Tchaikovsky, ambayo ndiyo kwanza yalikuwa yanaanzishwa. Ilikuwa miezi sita tu tangu Wasovieti warushe angani setilaiti yao ya Sputnik, na mashindano hayo yalikusudiwa kuonyesha kwamba hata katika sanaa hawana mpinzani. Kijana akapiga konseto (tungo ya piano na okestra) ya kwanza ya Tchaikovsky na ya tatu ya Rachmaninoff, na ukumbi ukasimama kumshangilia kwa dakika nane. Waamuzi walitaka kwanza kuhakikisha kwamba Khrushchev, kiongozi wa Wasovieti, hatakasirika wakimpa Mmarekani ushindi, naye akawajibu kwamba ikiwa ndiye bora, basi apewe.

Wale walioshangilia Moscow ni wasikilizaji wa namna gani? Ni watu waliolelewa ndani ya konseto hizo. Walikuwa wamezisikia kwa mabingwa wao wenyewe, walimu wao walizifundisha, na wengi wao walikuwa na sababu zote za kisiasa za kutaka mgeni huyu ashindwe. Walipomsikia akiipa melodia nafasi ya kupumua, akipiga kwa upana ambao kwao ulifanana na wa kizazi kilichopita, walijua wanachokisikia kwa sababu walikuwa na cha kulinganisha. Mapenzi yao yaliishinda siasa kwa kuwa yalisimama juu ya ujuzi. Nayahesabu makofi yale kuwa miongoni mwa makofi ya haki zaidi yaliyowahi kupigwa katika ukumbi wa muziki.

Aliporudi nyumbani, mambo yakawa mengine. New York ilimfanyia gwaride mitaani, karatasi zikimwagwa kutoka madirishani, heshima ambayo haikuwa imezoeleka kwa mpiga piano. Rekodi yake ya Tchaikovsky ikauza nakala zaidi ya milioni moja. Na kuanzia hapo, kila alikokwenda, walitaka konseto hizo mbili. Wahenga walisema mgema akisifiwa tembo hulitia maji, lakini kwa Cliburn naona lilitokea jambo baya zaidi na lisilo kosa lake: wanywaji walimkataza kupanda mnazi mwingine. Aliombwa arudie jioni moja ya Aprili kwa miaka ishirini, na wahakiki walewale walioshangilia wakaanza kulalamika kwamba hakui. Mwaka 1978 aliacha kupiga, akiwa na miaka 44. Miaka tisa baadaye alitoka tena, katika Ikulu ya Marekani, mbele ya Rais Reagan na Gorbachev, kiongozi wa Wasovieti, na alipopiga wimbo wa Kirusi unaojulikana na kila mtu kule, Gorbachev akaimba. Hata kurudi kwake kulikuwa kurudi Moscow.

Wapo watakaosema kwamba hakulazimishwa na mtu, na kwamba mwanamuziki mwenye uti wa mgongo angewaambia mashabiki wake kuwa leo ni zamu ya mtunzi mwingine, Schubert. Ni hoja nzuri kwa asiyekaa jukwaani. Mtu aliyewahi kupendwa na maelfu kwa jambo moja anajua jinsi inavyotisha kuwapa jambo la pili.

Gould aliliona hilo mapema, akakata shauri kwa njia yake. Mwaka 1962 aliandika makala akitaka makofi yapigwe marufuku, na tarehe 10 Aprili 1964, mjini Los Angeles, alipiga tamasha lake la mwisho, akiwa na miaka 31. Tangu siku hiyo alibaki studio. Nakubaliana naye kuhusu ugonjwa, nakataa dawa yake. Aliwatazama wasikilizaji waliojaa ukumbini akaona kundi linalongoja aanguke kutoka kwenye kamba, na bila shaka wamo wa namna hiyo. Lakini makosa ya Horowitz ya mwaka 1965 hayakunitia furaha ya kumwona mtu akianguka. Yalinionyesha kwamba hatari ilikuwa ya kweli, na kwa hiyo yale yasiyoanguka yalikuwa yameamuliwa na mtu anayeweza kukosea. Studio inaweza kuziba kosa; ikishaliziba, msikilizaji hawezi tena kujua lipi lilikuwa jasho na lipi mkasi. Ajabu ni kwamba Gould mwenyewe, aliyewakimbia watu, anasikika katika rekodi zake akivumisha wimbo kwa midomo huku akipiga, mtu aliye hai kabisa, na wapenzi wake wengi hawangekubali mlio huo uondolewe.

Kama mtu akitaka kuwacheka mashabiki wa piano, mwaka 2007 uliwapa wachekaji chakula cha kutosha. Kwa muda wa miaka kadhaa zilikuwa zimetolewa CD zaidi ya mia moja zenye jina la Joyce Hatto, mpiga piano wa Uingereza aliyekuwa ameacha majukwaa tangu miaka ya 1970 na ambaye alisemekana kurekodi karibu kila kitu kilichoandikwa kwa ajili ya piano huku akipambana na maradhi. Wapenzi na wahakiki walimmwagia sifa. Mwezi Februari mwaka huo, miezi kadhaa baada ya Hatto kufariki, msikilizaji mmoja alitia kwenye kompyuta CD ya Liszt yenye jina lake, na programu ya muziki ikaitambua kuwa ni ya mpigaji mwingine, László Simon. Wachunguzi wakalinganisha mawimbi ya sauti, yakafanana. CD nyingine zikapimwa, nazo zikaonekana za watu wengine. Mumewe, aliyekuwa akizitoa, hatimaye alikiri.

Wengi walihitimisha kwamba wale wasifiaji hawakuwa na masikio. Mimi naona masikio yao yalifanya kazi vizuri kuliko walivyodhaniwa. Upigaji waliousifu ulikuwa mzuri kweli. Tatizo ni kwamba ulikuwa wa watu ambao, walipoutoa kwa majina yao wenyewe, hawakusifiwa nusu ya hivyo. Kilichoongezwa katikati ni hadithi: mwanamke mgonjwa, aliyesahauliwa, anayepiga kama malaika katika chumba ambacho hakuna anayekijua. Hadithi hiyo haikubadili nyundo hata moja ilivyogonga uzi, lakini ilibadili jinsi watu walivyokuwa tayari kusikia. Utafiti mmoja wa Chia-Jung Tsay, uliochapishwa mwaka 2013, unaliongezea jambo hili uchungu. Aliwapa watu vipande vifupi vya washiriki wa fainali za mashindano ya muziki, wengine wakisikia sauti tu, wengine wakitazama video isiyo na sauti, na waliowatambua washindi vizuri zaidi ni wale waliotazama bila kusikia. Wanamuziki wa kitaaluma nao hawakufanya tofauti. Macho hupiga kura kwanza, kisha masikio hutia sahihi.

Ndiyo maana nasema kwamba kumpenda mpiga piano ni kazi ya kujifunza, na haina mwalimu bora kuliko kulinganisha. Mtu aliyesikia sonata moja kwa wapigaji watano hahadaiwi kirahisi na nywele zinazorushwa wala na macho yanayofumbwa. Pia hamdai mpigaji wake arudie ya jana, kwa sababu amekwisha kugundua kwamba sonata ile ni pana kuliko mpigaji yeyote. Ndipo mzigo unapopungua mabegani mwa anayependwa.

Aina hii ya mapenzi haipigi kelele, na kwa hiyo haiandikwi sana. Vita Kuu ya Pili ilipoanza, kumbi za London zilifungwa na picha za makumbusho ya National Gallery zikahamishwa mahali pa usalama, jengo likabaki kuta tupu. Myra Hess, mpiga piano aliyekuwa tayari na jina kubwa, alipendekeza pawe na muziki wakati wa chakula cha mchana, akafungua mwenyewe tarehe 10 Oktoba 1939, akidhani watakuja watu wachache. Foleni ilizunguka jengo. Kiingilio kilikuwa shilingi moja, mabomu yalipozidi walihamia vyumba vya chini, na kufikia mwaka 1946 yalikuwa yamefanyika matamasha 1,698, yakihudhuriwa na watu zaidi ya 800,000. Hakuna aliyegombea glavu za Hess. Walikuja, wakaketi au wakasimama, wakasikiliza, wakarudi kazini, na kesho yake wengine wakaja. Nikiulizwa ni mpiga piano gani aliyependwa kuliko wote katika karne iliyopita, jibu langu ni yeye.

Kinyume chake tulikiona mwaka 2013 mjini Essen, Ujerumani, ambako mpiga piano Krystian Zimerman alimwona mtu akimrekodi kwa simu, akaondoka jukwaani, akarudi baada ya muda na kueleza uchungu wake, kisha akaendelea kupiga. Aliyenyoosha simu bila shaka alikuwa shabiki. Hakuna anayerekodi asichokipenda. Lakini alikuwa ameshaanza kuitunza jioni ile kabla haijaisha, na katika kuitunza akaacha kuwapo.

Yapo mabishano makubwa kuhusu lini ni halali kupiga makofi. Wenye msimamo mkali humkodolea macho yeyote anayeshangilia kati ya sehemu moja ya konseto na nyingine, wakisahau kwamba Mozart, katika barua aliyomwandikia baba yake kutoka Paris mwaka 1778, alifurahi kwamba watu walishindwa kujizuia hata katikati ya simfoni yake. (Walewale wanaozuia makofi, sehemu moja inapokwisha, hukohoa wote kwa pamoja kana kwamba walipewa ruhusa.) Makofi ya katikati hayanisumbui. Yanayonisumbua ni makofi ya haraka mwishoni. Ikiwa sanaa yote ya piano ni kupanga sauti zinazokufa, basi nota ya mwisho inapogongwa kipande hakijaisha. Kinaisha pale uzi unaponyamaza, na mpigaji mzuri ameupima muda huo kama alivyoipima mingine yote. Anayewahi kupiga makofi ili ajulikane kwamba anakijua kipande anakikata mkia.

Tarehe 20 Aprili 1986 Horowitz, akiwa na miaka 82, alipiga katika ukumbi mkuu wa Chuo cha Muziki cha Moscow, miaka 61 tangu aondoke Umoja wa Kisovieti. Tiketi zilizowafikia wananchi wa kawaida zilikuwa chache, na wanafunzi wa muziki waliwapita walinzi wakaingia juu na kusimama. Miongoni mwa vipande vya nyongeza alivyowapa mwishoni ilikuwamo Träumerei ya Schumann, ile ile aliyowapa watu wa New York mwaka 1965 baada ya alasiri iliyoanza kwa nota zilizokosewa. Ni kipande cha dakika tatu hivi, na nota zake hata mwanafunzi aliyejifunza kwa miaka michache anaweza kuzipiga. Kamera iliyokuwa ikirekodi ikamwacha mpigaji kwa muda, ikazipitia nyuso za waliokaa, ikamkuta mwanamume mmoja anayesikiliza huku chozi likimshuka shavuni. Mikono yake haionyeshi kuwa na haraka yoyote. Horowitz anafika kwenye nota za mwisho, anaziacha zififie, na ukumbi unangoja naye.